Kiingereza cha Usukani si Kiingereza cha Darasani

Kutoka katikati ya Kampala hadi gati la Port Bell kule Luzira ni safari fupi ya taksi, lakini kwa vijana wengi wa mjini kazi ya melini ni jambo la watu wa Mombasa, Tanga na Unguja. Wachache wanaoitamani huanza kwa kununua kitabu cha sarufi ya Kiingereza, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Nitakachokitetea katika majibu haya ni kwamba Kiingereza cha chomboni ni ufundi kama kufunga fundo la nanga. Kinaingia kwa mdomo, kwa sikio na kwa kurudiarudia, na mwenye cheti kizuri cha shule anaweza kukikosa huku aliyeacha masomo mapema akikimudu. Maswali ni yale yanayoulizwa mara kwa mara na vijana, wazazi wao na wenye boti za Ggaba na Kasenyi.

Uganda haina bahari hata shubiri moja. Kwa nini kijana wa hapa ahangaike na lugha ya mabaharia?

Kukosa pwani hakumzuii mtu kufanya kazi baharini, wala hakuizuii nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu chake cha 90, unaipa kila nchi, ya pwani na isiyo ya pwani, haki ya kuwa na meli zenye bendera yake kwenye bahari kuu. Uswisi imejaa milima na ina meli za mizigo. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Ethiopia, iliyopoteza pwani yake Eritrea ilipojitenga mwaka 1993. Shirika lake la meli halikufa. Tena huko Babogaya, karibu na mji wa Bishoftu, kuna chuo cha mabaharia kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Bahir Dar, ambacho huchukua wahitimu wa uhandisi na kuwafundisha kuwa maofisa wa mitambo na umeme katika meli za kampuni za kigeni. Chuo hicho kiko kando ya ziwa dogo la volkano, mbali kabisa na maji ya chumvi. Anayesema Uganda haiwezi atueleze kwanza Ethiopia imewezaje.

Na asiyetaka kwenda mbali ana Ziwa Victoria, lenye takriban kilomita za mraba 68,800, ambalo zaidi ya asilimia 40 yake iko upande wetu. Port Bell imezoea meli za mabehewa ya treni zinazokwenda Mwanza na Kisumu. Tanzania ilishusha majini MV Mwanza, meli ya abiria 1,200, Februari 2023. Sehemu ya mafuta ya petroli sasa huvushwa kwa meli kutoka Kisumu badala ya kukaa kwenye foleni ya malori Malaba. Vyombo vya namna hiyo vinataka watu wa usukani, wa mitambo, wa sitaha na wa redio, na nahodha wa Mwanza akizungumza na gati la Luzira anazungumza na nchi nyingine.

Sisi tunasoma Kiingereza tangu Primary One, na mitihani yetu yote ni ya Kiingereza. Mtu aliyemaliza Senior Six anakosa nini?

Anakosa uwezo wa kusema jambo moja kwa njia moja tu. Shule humpa mwanafunzi alama kwa kubadilisha maneno, kwa sentensi ndefu zenye mikunjo, kwa kuomba kwa adabu ya kuzunguka. Chomboni sifa hizo hugeuka hatari. Ushahidi mzito kuliko wote unatoka kwa jirani wa baharia, yaani mtu wa ndege. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Tenerife katika Visiwa vya Canary, ndege mbili kubwa, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana ukunguni na watu 583 wakafa. Marubani wa KLM walikuwa Waholanzi waliozoea Kiingereza, wale wa Pan Am walikuwa Wamarekani, na mwongoza ndege alikuwa Mhispania aliyefanya kazi kwa Kiingereza kila siku. Rubani wa KLM alisema kwamba wako "at take-off". Mnarani walielewa kwamba ndege imesimama ikingoja ruhusa, kumbe ilikuwa imeshaanza kukimbia. Hapo hakuna mtu ambaye angeshindwa mtihani wa sarufi. Dawa iliyopatikana ilikuwa kulifunga neno lenyewe: siku hizi halitamkwi redioni mpaka ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na kabla ya hapo hutumika neno jingine kabisa.

Watu wa meli walikuwa wamelifikia wazo hilohilo kwa njia yao. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, lilikuwa na orodha ya maneno ya kuongozea meli tangu 1977. Miaka ya 1980 wataalamu wa Uingereza, akiwemo nahodha Fred Weeks na mwanaisimu Peter Strevens, walitunga mfumo wa mazungumzo ya redio uitwao Seaspeak. Novemba 2001 IMO ikapitisha, kwa Azimio A.918(22), misemo sanifu ya mawasiliano ya majini ambayo mabaharia duniani kote huiita SMCP. Chini ya mkataba wa mafunzo ya mabaharia, STCW, ofisa wa zamu ya kuongoza meli ya kuanzia tani 500 hapewi cheti bila kuonyesha kwamba anaielewa misemo hiyo na kuitumia.

Ukiifungua utashangaa ilivyo kavu. Ujumbe unaweza kutanguliwa na neno moja linalotangaza aina yake, nayo ni aina nane tu: agizo, ushauri, onyo, taarifa, swali, jibu, ombi au kusudio. Vitenzi kama "may", "might", "could" na "should" vinaepukwa, kwa sababu kwenye redio yenye makelele msikilizaji hajui kama anaombwa, anaruhusiwa au anabashiriwa. Haulizi mtu "May I enter the fairway?" Anatangaza kwanza kwamba hili ni swali, kisha anauliza kama anayo ruhusa ya kuingia kwenye mkondo wa meli. Anayepewa amri hajibu "sawa". Huirudia amri ileile, neno kwa neno, ndipo aliyeitoa ajue imefika. Sasa mfikirie kijana wa Kampala. Amelelewa kwamba heshima ni kuzungusha maneno, na Kiingereza chake cha mtaani kina maana za hapahapa, kama kumwambia abiria "extend" akimaanisha asogee. Akiingia darasa la ubaharia, kazi yake ya kwanza ni kuacha. Kwa kipimo hiki msomi ana mzigo wa kutua ambao mwenzake hana.

Mwalimu, mwanangu aliishia Primary Seven. Basi unaniambia ana nafasi?

Ana nafasi, ila inategemea kazi gani. STCW haimdai kila mtu Kiingereza kile kile, na hili halisemwi vya kutosha. Baharia wa sitaha anayeshiriki zamu ya usukani anatakiwa aweze kushika usukani na kufuata amri zake, zikiwemo zinazotolewa kwa Kiingereza. Amri hizo ni chache. Zinahusu kulia na kushoto kwa chombo, nyuzi ngapi, kurudisha usukani katikati, na kushika mwelekeo uliopo. Mtu mwenye sikio zuri na nidhamu anaweza kuzimiliki kabisa, na kumiliki maana yake ni kutozifikiria. Fundi wa ngazi ya ofisa anahitaji kusoma vitabu vya mitambo na kuandika kumbukumbu za zamu, kwa hiyo kwake shule ina uzito mkubwa. Ofisa wa chumba cha usukani anahitaji yote mawili.

Watu hukosea zaidi kuhusu meli za kitalii. Kijana husikia kwamba kazi ya kuhudumia mezani au kusafisha vyumba ni ya chini, akadhani lugha yake nayo ni ndogo. Ni kinyume chake. Mhudumu huyo anakutana na abiria mzee kutoka Glasgow, mtoto kutoka Texas na mgeni kutoka Korea, kila mmoja na lafudhi yake na malalamiko yake, na moto ukitokea yeye ndiye atakayewatoa. Kati ya kazi zote za melini, hiyo ndiyo inayodai Kiingereza kipana, chenye mzaha na chenye subira. Mwanao wa Primary Seven ana njia nyepesi zaidi kwenye sitaha kuliko mezani.

Lafudhi ya Kiganda inaweza kumnyima mtu kazi?

Lafudhi yenyewe, hapana. Wafilipino na Wahindi wamejaa katika meli za dunia na hakuna anayewataka waongee kama watu wa London. Kinachotakiwa ni kutochanganya jozi za sauti zinazobadilisha maana, na hapa mzungumzaji wa Luganda ana jambo mahususi la kushughulikia. Katika Luganda sauti za *l* na *r* hugawana kazi kufuatana na irabu inayotangulia: baada ya *e* na *i* huja *r*, kwingineko huja *l*. Tabia hiyo ikihamia kwenye Kiingereza, boti ya "pilot", yaani rubani wa bandari anayekuja kuiongoza meli kuingia, hukaribia sana kusikika kama boti ya "pirate". Kwa meli inayopita Ghuba ya Aden si jambo la kuchekesha. Anayejua kwamba tatizo liko katika sauti hizo mbili anaweza kulifanyia mazoezi kwa wiki kadhaa na kulimaliza. Anayeambiwa tu kwamba matamshi yake ni mabaya atahangaika na kila kitu na asirekebishe chochote.

Mengine mfumo wenyewe umeshayatatua. Herufi hutamkwa kwa majina ya kimataifa, kuanzia Alfa hadi Zulu, na namba husomwa tarakimu moja moja, kwa kuwa "fifteen" na "fifty" zimewahi kuchanganywa hata na wenye lugha yao. Amri za usukani tu ndizo zinazotamka namba nzima. Kwa hiyo mtu wa Luzira ambaye hawezi kutofautisha vizuri kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza hapotei, mradi amezoea kusema moja-tano na tano-sifuri.

Huu wote si ukoloni wa lugha? Kwa nini Kiswahili kisitosheleze ziwani?

Pingamizi hili nalipa uzito, na sehemu yake kubwa ni ya kweli. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Kabaka katika miaka ya 1840, kabla ya mmisionari yeyote wa Kiingereza. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule. Najua pia kwa nini Buganda ilikitilia shaka kwa miaka mingi. Lugha iliyosikika zaidi mdomoni mwa askari haipendwi kwa amri. Lakini mvuvi wa Kalangala, mchuuzi wa Mwanza na kuli wa Kisumu wakikutana, Kiswahili ndicho kinachowavusha.

Watu wasichokijua ni kwamba sheria ya bahari haikipingi. Mkataba wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, katika kanuni ya 14 ya sura ya tano, unaitaka kampuni au nahodha kuamua lugha ya kazi ya chombo, na lugha hiyo inaweza kuwa yoyote, ili mradi kila baharia aielewe. Ikiwa si lugha rasmi ya nchi yenye bendera, basi michoro na orodha zinazobandikwa ziwe na tafsiri kwa lugha ya kazi. Kiingereza kinadaiwa katika chumba cha usukani kwa mawasiliano ya usalama kati ya meli na meli, na kati ya meli na nchi kavu, isipokuwa wahusika wote wana lugha nyingine wanayoielewa kwa pamoja. Isome tena kauli hiyo ya mwisho. Kanuni iliandikwa kwa ajili ya bahari, na ziwa letu lina sheria yake, ile ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2007. Lakini mantiki ni ileile: nahodha wa Mwanza na mtu wa gati la Luzira wakielewana kwa Kiswahili, hawajavunja busara yoyote ya kimataifa.

Tena kung'ang'ania Kiingereza mbele ya abiria kunaweza kuua. Meli ya abiria ya Scandinavian Star iliposhika moto tarehe 7 Aprili 1990, njiani kati ya Oslo na Frederikshavn, watu 159 walipoteza maisha. Miongoni mwa mambo yaliyobainika ni kwamba mabaharia wengi, wakiwemo Wareno na Wafilipino, walikuwa wageni katika chombo na hawakuweza kuzungumza vyema wao kwa wao wala na abiria wa Skandinavia. Katika boti ya kwenda Ssese, amri ya kuvaa jaketi la kuokolea ikitolewa kwa Kiingereza safi haitamsaidia bibi anayekwenda kumwona mjukuu wake Kalangala. Apewe amri kwa Luganda, na aliye karibu naye kwa Kiswahili.

Ninapotengana na watetezi wa Kiswahili ni mahali pamoja. Wao hudhani lugha ya nyumbani ikishika nafasi, usalama umepatikana. Lakini Kiswahili kinachotumika kwenye redio za ziwani leo ni kilegevu kama Kiingereza cha shuleni: salamu ndefu, majina ya utani ya mahali, "niko hapa karibu", "nakuja sasa hivi". Istilahi tunazo tangu enzi za majahazi. Omo, tezi, usukani, nanga na ngama hazihitaji kuombwa kwa mtu. Kisichokuwepo ni misemo iliyokubaliwa na nchi tatu, ikaandikwa, ikafanyiwa mazoezi na kutahiniwa. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu ingekuwa mahali pa asili pa kuianzisha kazi hiyo, hasa wakati huu ambapo mradi wa pamoja wa mawasiliano ya ziwani unaipa Mwanza kituo kikuu cha kuratibu uokoaji. Itakapokuwepo, nitakuwa wa kwanza kusema baharia asiyetoka ziwani hana haja ya Kiingereza. Anayetaka kutoka atakihitaji bado.

Ajali zetu zinatokana na kujaza abiria kupita kiasi, si lugha. Huoni unatibu ugonjwa usiokuwepo?

Kuhusu chanzo, hatubishani. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake. MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu mia mbili wakafa katika kivuko kilichoruhusiwa kuchukua 101. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba, boti ya starehe ikazama upande wetu, karibu na Mutima wilayani Mukono, nayo imejaa. Hakuna msemo wa redio ambao ungeyainua maji yale yarudi yalikotoka.

Lakini tazama jambo moja katika ajali ya Nyerere: waokoaji hawakuwa na idadi ya uhakika ya waliokuwamo. Sasa, ujumbe wa dhiki wa kimataifa una umbo lake lisilobadilika, nalo ni jina la chombo, mahali kilipo, kilichotokea, msaada unaotakiwa, na idadi ya watu waliomo. Nahodha anayezoezwa kulitamka umbo hilo kila wiki, kama zoezi, analazimika kuwa na namba ya kuijaza ile nafasi kabla ya kung'oa nanga. Asipoihesabu, zoezi litamuumbua. Ndiyo maana nakataa kuitenga lugha na uendeshaji wa chombo. Misemo sanifu humlazimisha mtu kujua anachopaswa kukijua, kwa sababu haimpi mahali pa kujificha. Inspekta wa vyombo anayekagua boti za Ggaba angeweza kujifunza mengi kwa kumwambia tu mwenye boti: hebu toa ujumbe wa dhiki sasa hivi.

Simu zinatafsiri kila kitu siku hizi. Kuna haja gani?

Kwa kusoma mkataba au barua ya kampuni, simu itumike, tena sana. Kwa redio haifai. Tarehe 26 Machi 2024 meli ya makontena iitwayo Dali, yenye mabaharia karibu wote kutoka India, ilipoteza umeme ikitoka bandari ya Baltimore na kuelekea moja kwa moja kwenye nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Marubani wa bandari waliokuwamo wakatoa taarifa kwa redio, polisi wakazuia magari kuingia darajani, na dakika chache baadaye daraja likaanguka. Mafundi sita waliokuwa wakitengeneza barabara pale juu walikufa. Magari yaliyokuwa yakija yalinusurika. Muda ule haukuwa na nafasi ya mtu kufungua programu, kungoja mtandao na kukagua kama tafsiri imekaa sawa.

Kiingereza hiki kitanisaidia nje ya maji?

Kwa kiasi, na si kwa namna watu wanayotarajia. Ukienda kwenye usaili wa kazi ya hoteli pale Kololo ukajibu kwa misemo ya usukani, watakuona mtu mkali asiye na adabu. Inayohama ni tabia ya kurudia maagizo uliyopewa, ya kutaja namba kwa uwazi, ya kuuliza tena bila aibu pale usipoelewa. Hiyo ya mwisho ni ngumu kwetu. Darasa la Uganda, lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja, humfundisha mtoto kuitikia "yes" ili somo lisonge, na mtoto huyo akiwa mtu mzima bado huitikia. Katika visima vya mafuta vya Tilenga na Kingfisher kando ya Ziwa Albert, kwenye bomba la kilomita 1,443 linalokwenda Chongoleani, Tanga, kwenye kreni za ujenzi na katika gari la wagonjwa, mtu anayesema "sijaelewa, rudia" ana thamani kuliko mwenye msamiati wa kupamba.

Kwa matumizi ya kawaida, yaani barua, mazungumzo na magazeti, hakuna njia ya mkato: mtu asome, asikilize redio, aongee. Ninachoshauri ni kuvitenganisha viwili hivi. Anayevisoma kwa pamoja kutoka kitabu kimoja huishia na Kiingereza kizuri kwa mitihani na kibovu kwa redio.

Nianzie wapi, na nimlipe nani?

Anza bila kumlipa mtu. Andiko la azimio la IMO lenye misemo yote limo mtandaoni. Sehemu yake ya kwanza, inayohusu mawasiliano ya nje ya chombo na amri za usukani na mitambo, ndiyo ya lazima. Nyingine zinaweza kungoja. Tafuta mwenzako. Kaeni mgongo kwa mgongo ili msionane midomo, washeni redio au jenereta pembeni, mmoja asome amri na mwingine airudie kisha aifanye kwa mkono. Rekodini kwa simu, msikilize kesho yake. Namba na herufi zipewe nafasi kubwa kuliko sentensi, kwa kuwa ndizo zinazoangusha wengi. Ukishaweza kupokea mahali pa meli, latitudo na longitudo, mara moja bila kuomba irudiwe, umewaacha nyuma wahitimu wengi wa chuo kikuu.

Baada ya hapo ndipo pesa inaingia. Huwezi kupanda meli ya kimataifa bila mafunzo ya msingi ya STCW, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako na wa wenzako, pamoja na cheti cha afya. Kwa mtu wa Kampala vyuo vya karibu vinavyojulikana ni Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, DMI, na Bandari Maritime Academy ya Mombasa. Ukifika huko Kiswahili chako kitakusaidia kila siku, bwenini, kantini na karakana, kwa hiyo anayetoka Kampala akiwa na Luganda na Kiingereza tu akiongeze kabla ya kuondoka.

Kuhusu mawakala nasema bila kupindisha. Mkataba wa Kazi za Majini wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kugharimia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasi ya kusafiria. Wakala wa Kampala anayekudai mamilioni ya shilingi ili "akuunganishe na meli ya Dubai" anakuuzia kitu ambacho sheria inasema hakiuzwi. Mkataba huohuo unakupa haki ya kuusoma mkataba wako wa ajira na kutafuta ushauri kabla ya kutia saini. Hapa Kiingereza cha usukani hakitoshi, na wala usione haya kumpelekea mwanasheria au mwalimu wako wa zamani akusomee. Angalia jina la mwenye meli, mshahara na saa za mapumziko, na nani anakulipia nauli ya kurudi Entebbe. Acha nakala nyumbani. Mambo yakiharibika bandarini, Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, ITF, lina mkaguzi Mombasa na wengine katika bandari nyingi za dunia, na jambo la kwanza atakalokuuliza ni jina la meli na namba yake ya IMO. Ni tarakimu saba. Zisome moja moja.